Nilisema Haumwi

Nianze na aibu ndogo, kubwa inakuja. Mimi ni mwoga. Sisemi hivyo ili nionekane mnyenyekevu, nasema kama mtu anavyosema yeye ni mfupi. Tangu utotoni, nikitumwa dukani nilikuwa nayarudia maneno njia nzima, sukari nusu, chumvi moja, sukari nusu, chumvi moja, nikihofia nitafika mbele ya muuza duka nisahau na watu wacheke. Mvua isiponyesha nahofia njaa, ikinyesha nahofia pamba itaoza. Mwanangu akichelewa kutoka shule nusu saa, mimi nimeshamzika na tanga nimeshalianua. Mke wangu husema, "Baba, wewe unateseka na shida za mwakani, za mwaka huu unatuachia sisi."

Nilipofika kama miaka thelathini na mitano moyo ulianza kunidunda vibaya. Nikatoka jasho, vidole vikafa ganzi, nikaenda zahanati nikijua nakufa. Muuguzi akanipima presha, akanisikiliza kifua, akacheka kidogo. Akasema moyo mzima kabisa, huu ni wasiwasi. "Ukikukataza kwenda mahali, wewe nenda hapo hapo. Utazoea." Nikafanya alivyosema. Nilikuwa naogopa kusimama mbele za watu, basi nikaanza kusimama. Mwaka wa kwanza sauti ilitetemeka, wa pili ikatulia, na mwaka wa nne wanakijiji wakanichagua kuwa katibu wa sungusungu, jeshi letu la jadi. Mwoga akakabidhiwa daftari la walinzi! Tangu siku hiyo hakuna aliyeniita kwa jina tena. Nikawa Katibu, na niliipenda sana ile sauti.

Kwa asiyejua mambo yetu huku Shinyanga, nieleze kidogo. Kijiji chetu kiko upande wa Kolandoto, watu wa ng'ombe, pamba na mtama. Sungusungu ina mtemi, ndiye anayeamua, na katibu, ndiye anayeandika na kusoma. Na sheria ya kwanza kabisa ni mwano. Mwano ni yowe. Ng'ombe wameibwa, mtoto amepotea, nyumba inaungua, mtu anapiga yowe, anayelisikia analipokea na kulipiga yeye pia, na kila mwanaume mwenye nguvu anatoka na fimbo yake mbio kuelekea sauti ilikotoka. Ukibaki nyumbani una kesi.

Na adhabu yake si viboko. Adhabu yake ni kutengwa. Hakuna anayekusalimia wala kuitikia salamu yako. Hupewi moto, huuziwi chumvi, husaidiwi kuvuna. Mkeo akifika kisimani, wenzake wanabeba ndoo zao wanaondoka. Watoto wako wanacheza peke yao. Mtu mmoja tu anasamehewa kutotoka kwenye mwano, naye ni mgonjwa.

Mimi kila mwano ulipolia niliogopa kama mtoto, lakini nilitoka. Na nikirudi, aisee, nilikuwa nakula! Ugali wa mtama na mlenda, masimulizi juu, nacheka kama si mimi niliyekuwa natetemeka saa moja iliyopita. Niliona nimeshinda. Nikaanza hata kuwafundisha wengine kuhusu woga, kana kwamba mimi ndiye niliyeugundua.

Sasa mdogo wangu. Tumezaliwa wawili tu wanaume, mimi nimemzidi miaka tisa. Yeye alikuwa kinyume changu kabisa. Mcheshi, mkimbiaji, hana anachokijali. Alikuwa akinitania, "Kaka, kuku akikohoa tu wewe unafunga mlango." Alikwenda Rwamgasa kuchimba dhahabu, akakaa miaka minne, mara chache akija na zawadi za watoto na kelele zake. Kisha akarudi moja kwa moja, yeye, mke wake na mtoto mdogo wa kike. Hakuaga wenzake kule wala hakutoa sababu. Akajenga nyumba ya bati ng'ambo ya shamba langu la pamba, akaanza kulima.

Aliyerudi hakuwa yule aliyeondoka. Akikaa, lazima mgongo uguse ukuta na uso uangalie mlango. Ukimgusa bega kutoka nyuma anaruka. Vijana wakicheza mpira na goli likiingia, ile kelele yao ya furaha ilimfanya ainuke na kuingia ndani. Harusini haendi, ngomani haendi, mnadani anamtuma mke wake. Siku moja watoto wangu walichoma kipande cha tairi zizini kufukuza nzi, yeye akawavamia, akapiga teke ule moto, akawatukana matusi ambayo sikuwahi kuyasikia kinywani mwake, kisha akaenda kutapika nyuma ya nyumba. Mimi nikasema kimoyomoyo, hizo ndizo jeuri za machimboni. Mtu amekaa na watu wenye vipande vya dhahabu, sasa moshi wa kwetu unamnuka.

Ningeweza kuuliza. Ilikuwa hatua mia mbili kutoka mlango wangu hadi wake.

Mwano wa kwanza baada ya yeye kurudi ulilia alasiri, ng'ombe wa mjane mmoja walikuwa hawaonekani. Tukatoka wote, tukawakuta kwenye ngitili, ile sehemu tunapohifadhi majani ya kiangazi, wanakula zao kwa raha. Mdogo wangu hakutoka. Watu wakaniangalia mimi. Nikasema ni mgeni bado, tumvumilie.

Jioni yake nikamfuata akikamua ng'ombe. Nikamhubiria. Nikamwambia hata mimi naogopa, unafikiri mwenzio ni chuma? Dawa ni kutoka. Moyo ukidunda, hesabu hatua zako, moja mbili tatu, ukifika utakuta ni ng'ombe tu. Alinisikiliza bila kuacha kukamua. Akaniuliza, "Kaka, wewe ukirudi nyumbani, linaisha?"

"Linaisha, ndiyo. Nakula na kulala."

"Basi wewe ni tajiri," akasema.

Nikaona ananidhihaki. Nikamwambia kama si woga basi ni uvivu, achague mwenyewe lipi niandike. Hakuchagua, nami nikaondoka nimenuna.

Mwano wa pili ulilia mchana, kama saa nane. Sauti ilikuwa karibu, na safari hii ilikuwa kwa ajili ya mwizi wa mbuzi. Nikapita kwake makusudi, nimtoe mwenyewe. Mke wake alikuwa amesimama mlangoni, mikono imeshika miimo. "Shemeji, mwache, hayuko hapa."

Nikampita. Nikamkuta kwenye chumba cha kuwekea pamba, nyuma ya malundo, amejikunja, mikono masikioni, suruali imelowa. Mtu mzima, baba wa mtoto, amejikojolea mchana kweupe. Nikageuka nikamwambia shemeji, "Kama hayuko hapa, huyu ni nani?" Nilisema hivyo kwa kejeli. Leo nikikumbuka, natamani ardhi inimeze.

Nikamshika mkono nikamvuta. Alikuwa ananiangalia lakini hanioni. Anarudia kitu kimoja tu, "Nimeshakuachia, nimeshakuachia." Nami nimemshika mimi! Sikujali anasema na nani. Nilimburuta hadi uani, na pale uani watu wawili waliokuwa wanapita mbio wakamwona alivyo, na wakaona suruali. Nikaona aibu, lakini si ya kumwonea huruma. Nilijionea aibu mimi, Katibu, kuwa na ndugu wa namna hiyo. Nikamwachia palepale vumbini nikaenda kwenye mwano.

Jumapili iliyofuata, watu walipotoka kanisani, baraza likakaa mbele ya ghala la pamba. Kesi ikatajwa. Mtemi wetu ni mfugaji mwenye sauti ndogo, hakurupuki. Alisikiliza mashahidi, akakuna kidevu, kisha akanigeukia mimi na kalamu yangu.

"Katibu, huyu ni wa tumbo lenu. Wewe unamjua kuliko sisi. Anaumwa?"

Neno moja tu lilihitajika. Yule mzee alikuwa amenifungulia mlango na ameushikilia, mimi nipite na mdogo wangu. Kichwani mwangu zikapita hesabu zangu za siku zote: nikisema anaumwa, watasema Katibu anambeba nduguye. Wataniuliza anaumwa nini, hana homa, anakula, analima. Lakini nisijitetee kwa hofu ya watu peke yake. Nilikuwa naamini pia. Nilikuwa na ugonjwa wangu wa wasiwasi, nimeushinda mwenyewe, na niliona wa kwake ndio huo huo, ila yeye hataki kujitahidi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, wahenga walisema. Mimi nilidhani nimekilalia.

Nikasema, "Haumwi. Ni woga tu. Hata mimi ninao, na huwa natoka."

Watu wakapiga makofi. Ndiyo, walinipigia makofi. Wakasema huyu ndiye mtu wa haki, hana upendeleo. Mtemi akaamua mdogo wangu atengwe, na kutengwa kwake kuishe siku atakapotoka kwenye mwano kama wanaume wengine. Nikaandika. Mwandiko wangu ni mzuri, wote wanausifia, na siku ile nilijitahidi zaidi.

Miezi miwili. Mimi mwenyewe nilikuwa nampita njiani na kuangalia pembeni. Mara ya kwanza alisema "Shikamoo kaka" kwa mazoea, kisha akakumbuka akafunga mdomo. Mke wake alikwenda kisimani saa sita, jua kali, ili asikute watu wa kumkimbia. Binti yao alikuwa anasimama mpakani mwa shamba akiwaangalia wanangu wanacheza, na wanangu, kwa kuwa niliwaonya, walikuwa wanampa mgongo. Yeye mdogo wangu alikonda. Aliacha kulima upande unaoonekana kutoka barabarani. Na kila filimbi ilipolia mahali, hata ya mwalimu wa shule, tulimwona akikimbilia ndani.

Siku moja asubuhi niko uani natia mpini kwenye jembe, nikamwona shemeji anakuja. Nikajifanya simwoni. Naye hakunisalimia, sheria anaijua. Alipita moja kwa moja hadi kwenye kinu cha mke wangu, akapiga magoti mbele ya hicho kinu, akaanza kuzungumza nacho.

"We kinu, wewe umezoea kupigwa, kwa hiyo nisikilize. Hakuna sheria inayonikataza kuongea na mti."

Nikaendelea kugonga mpini.

"Kule Rwamgasa, kinu, watu walipiga kelele za mwizi. Mchana, saa kama hizi. Mume wangu alikuwa na mbio, mbio zake mnazijua hapa. Akawaacha watu wote nyuma, akamkamata huyo mtu kwa mgongoni, akambana mikono yote, akapaza sauti, nimempata! Wakamshangilia. Yule mtu akageuza shingo. Kumbe ni mwenzake, kinu. Miaka mitatu wanashuka duara moja, shimo la dhahabu chini ya ardhi, kamba moja, sahani moja. Alikuwa ameingia kibanda cha watu kufuata mabuti yake aliyoyaazimisha, mwenye kibanda akamkuta, akapiga kelele, naye akaogopa akakimbia. Akamwambia mume wangu, ni mimi, niachie. Mume wangu akamwachia. Akasema, jamani, huyu ni wetu. Akasema mpaka sauti ikakauka. Lakini watu walikuwa wameshafika, na watu wakishafika wengi hakuna anayesikia. Wakaleta tairi."

Nyundo yangu ilikuwa imesimama.

"Hayuko hapa mume wangu," akasema. "Kila mkipiga yowe anarudi kule. Si kwamba anakumbuka, kinu. Anakuwa kule. Anamshika tena kwa mikono yake." Akainuka, akakung'uta vumbi magotini, akaenda zake.

Mtu mwenye moyo angeitupa nyundo na kumkimbilia. Mimi nilikaa siku kumi na moja. Kumi na moja! Nilikuwa nalala macho nikipanga maneno. Nitawaambia nini watu? Kwamba Katibu alisema uongo mbele ya mtemi? Watacheka, watanivua ukatibu, watoto wangu watazomewa. Wasiwasi wangu ule ule wa sukari nusu, chumvi moja. Huku mdogo wangu ng'ambo ya shamba anamshika mtu aliyekufa, mimi nahofia kuchekwa.

Siku ya kumi na mbili nilimwona shemeji anakata kuni, nikasimama karibu na mbuzi wangu nikamwambia yule mbuzi, kwa sauti ya kusikika, Jumatatu alfajiri nitakuwa njia panda, nina safari ya hospitali, anayetaka aje. Mbuzi akaendelea kutafuna. Shemeji akaitikia kwa kichwa mara moja.

Jumatatu walikuja wote wawili. Tulitembea bila neno mpaka tukavuka korongo, huo ndio mpaka wa kijiji chetu, na kutengwa kwetu hakuvuki. Tulipopanda ukingo wa pili tu, nyuma yangu nikasikia, "Shikamoo kaka." Nikaitika marahaba, kisha nikainama, nikajifanya jiwe limeingia kwenye kiatu.

Hospitalini tulimkuta mtaalamu wa magonjwa ya akili, mama mmoja mfupi, mpole, mwenye kuuliza kama anayepepeta mchele. Kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa naongea sana, alianza na mimi. Nikamweleza hekima zangu zote, kwamba hata mimi nina woga, na nimemshauri mdogo wangu ajikaze. Akaniuliza, "Baba, wewe moyo ukikudunda, unaogopa nini?"

"Kitakachotokea."

"Kesho au jana?"

"Kesho, mama. Jana imeshapita."

"Na hiyo kesho ikifika ikapita?"

"Natulia. Nakula."

Akamgeukia mdogo wangu. Akamuuliza polepole, na akamwambia kama hataki kujibu asijibu. Yeye akaangalia mikono yake. Akasema, "Mimi kesho siiogopi. Mimi jana yangu haijapita."

Yule mama akatueleza kwa maneno ya kawaida, nami nikatoa daftari nikaandika. Akasema wasiwasi ni wa watu wote, unaangalia mbele, unarukia hili na lile, mvua, ada, watoto. Ukizidi sana na kumnyima mtu usingizi na kazi, nao ni ugonjwa, na unatibika, hata mimi akanitaka nirudi siku nyingine kwa ajili yangu. Lakini kiwewe ni kitu kingine. Kiwewe kinatokana na jambo lililompata mtu kweli, au alilolishuhudia, na akili ikashindwa kuliweka mahali pa mambo yaliyopita. Linabaki linatokea. Sauti moja, harufu moja, linaanza upya, na mwili unafanya kama ulivyofanya siku ile. Ndiyo maana anakwepa watu, anashtuka, anakasirika bila sababu unayoiona, anajilaumu. "Ukiwapima mapigo wewe na yeye huwezi kuwatofautisha," akasema. "Mioyo yenu inadunda sawa. Lazima uulize unadunda kwa nini."

Nikamuuliza kama kumpeleka kwenye mwano kwa nguvu hakungemsaidia azoee, kama mimi nilivyozoea. Nilijua jibu. Nilitaka mtu aniambie usoni.

"Naye atasogea karibu na anachokiogopa," akasema. "Lakini taratibu, na mtu anayejua kazi hiyo, na yeye mwenyewe ndiye wa kusema leo inatosha. Kuburutwa si dawa, baba. Kuburutwa ni jeraha juu ya jeraha." Kisha akaniagiza mambo ya nyumbani. Msimjie kutoka nyuma. Msimjie wengi. Ukimwendea, nenda peke yako, mwite taratibu ungali mbali, ajue ni wewe. Nikayaandika yote, mstari kwa mstari.

Siku chache baadaye niliomba baraza. Usiku wa kuamkia siku hiyo sikulala, asubuhi nilikwenda chooni mara tano. Nikasimama mbele ya ghala. Mdogo wangu alikuwa ameniomba nisiseme habari za Rwamgasa, kwa hiyo nilisema yangu tu. Nikasema, "Niliulizwa hapa kama anaumwa, nikasema haumwi. Anaumwa. Daktari amethibitisha. Mimi ndiye niliyewadanganya, kwa sababu nilimpima kwa kipimo changu." Nikaeleza kidogo kuhusu kiwewe, nikidhani hawataelewa. Kumbe nusu yao wana ndugu waliokwenda machimboni. Mama mmoja akasema tu, "Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka," na wengine wakaguna kukubali. Hakuna aliyenicheka. Mtemi akasema mgonjwa hana kosa, kutengwa kumeisha, na kumeisha sasa hivi.

Na hapo ndipo penyewe. Kwetu mtu akitolewa kwenye kutengwa, hasubiri kesho. Baraza lote linainuka saa ile ile na kwenda kwake, kila mtu amsalimie kwa mkono wake, wanawake na vigelegele, mmoja amebeba moto, mwingine maji, mwingine chumvi. Ni desturi nzuri. Nimeiongoza mara nyingi, na nimeona watu wazima wakilia kwa furaha.

Mzigo ulikuwa umenitoka. Moyo wangu ulikuwa umetulia kwa mara ya kwanza baada ya miezi, nilihisi mwepesi, njaa ilikuwa inaniuma. Watu walikuwa wananipiga mgongoni, "Katibu, wabeja, asante! Katibu, tangulia!" Nami nikatangulia. Nilibeba makaa kwenye kigae. Watu zaidi ya mia nyuma yangu, vigelegele juu, vijana wamechangamka wameanza kukimbia, nami nikakimbia nao, maana nilikuwa nimefurahi, jamani. Tulipokaribia nyumba yake nikaliita jina lake kwa nguvu zangu zote.

Daftari lilikuwa mfukoni.

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mbavuni. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na mtama nyuma ya nyumba ulikuwa umelala mstari mmoja, kama ng'ombe alipita mbio. Vigelegele vikafa kimoja kimoja. Shemeji aliniangalia, na kwa kuwa kutengwa kumeisha alinisemesha mwenyewe, bila kinu.

"Karibu shemeji," akasema. "Mmekuja wote."

Tulimtafuta siku mbili, kwa kunong'ona, wawili wawili, nilikuwa nimewakataza watu kupaza sauti. Siku ya tatu alipiga simu kutoka Masumbwe, kwa wajomba za mke wake. Sehemu ya njia alikuwa ametembea. Shemeji akafunga vitu vyake akamfuata, na nyumba ya bati ng'ambo ya pamba yangu nimeibakiza ilivyo, naifagia tu. Daftari la ukatibu nilimrudishia mtemi. Aliniuliza kwa nini, nikamwambia macho hayaoni vizuri.

Anaendelea vizuri, wanasema. Anahudhuria kliniki kila mwezi, analima mpunga, kanisani anakaa karibu na mlango lakini anakaa mpaka mwisho. Nimekwenda mara mbili kumwona, peke yangu, na nilimwita nikiwa mbali. Tunaongea kwenye simu Jumapili. Tunaongelea mifugo na watoto, na kila mara mimi ndiye ninayeharakisha kuaga.

Jumapili moja hakuniruhusu kuaga. Akasema, "Kaka, kuna kitu nataka kukuuliza, na usinifiche. Siku ile mlipokuja, ulikuwa umeshaelezwa kule hospitali? Au tulikwenda hospitali baadaye? Siku zile zimenichanganyika."

Ningeweza kumdanganya. Hakumbuki, na mke wake asingenisaliti. Moyo ulinidunda, nikauhesabia, moja mbili tatu.

"Nilikuwa nimeshaelezwa," nikasema. "Niliandika kabisa."

"Afadhali ungekuwa hujui," akasema. Kisha akaniuliza kama huku kwetu mvua imeanza.